Majina ya Samaki na Lugha ya Utafiti wa Pamoja katika Ziwa Victoria: Mtazamo kutoka Mwanza

Ikisiri

Ushirikiano wa nchi jirani katika utafiti wa Ziwa Victoria una historia ndefu kuliko uhuru wa nchi hizo. Meli, nyavu za majaribio na kanuni za uvuvi zimewahi kuoanishwa mara kadhaa. Lugha inayobeba maarifa hayo haijapata kuoanishwa kwa kiwango hicho. Makala hii inachunguza majina ya samaki yanayotumika Mwanza kwa kuyalinganisha na yale ya Jinja na Kisumu, na kuonyesha namna majina yanavyopotoka, yanavyohama kutoka spishi moja hadi nyingine na yanavyoathiri usomaji wa takwimu. Inachambua pia istilahi chache za sayansi ya uvuvi ambazo tafsiri zake za Kiswahili zina kasoro ya kimaana, pamoja na safari ya maneno ya Kiswahili na ya kienyeji kuingia katika majina ya Kilatini ya kisayansi. Makala inahitimisha kwamba kazi ya istilahi ni sehemu ya utafiti wenyewe, na kwamba vyombo vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinavyoshughulikia sayansi na vile vinavyoshughulikia Kiswahili vinapaswa kuifanya kwa pamoja.

Maneno makuu: istilahi, Ziwa Victoria, Mwanza, majina ya samaki, ushirikiano wa kikanda

1.0 Utangulizi

Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Takriban asilimia 51 ya eneo hilo iko Tanzania, asilimia 43 Uganda na asilimia 6 Kenya. Mipaka hiyo imechorwa juu ya maji, nao samaki hawaijui. Sangara anayezaliwa katika Ghuba ya Speke anaweza kuvuliwa katika maji ya nchi nyingine, na rutuba inayosombwa na mito ya upande mmoja huchafua maji ya pande zote. Kwa sababu hiyo, mtafiti wa Mwanza anayetaka kujua hali ya ziwa hawezi kujitosheleza kwa takwimu za Mwanza peke yake.

Wataalamu wa biolojia, uchumi na sheria wameandika mengi kuhusu ushirikiano huo. Wanaisimu wamesema machache. Hali hiyo inashangaza, kwa kuwa sehemu kubwa ya takwimu za uvuvi huanza kama mazungumzo. Mkusanyaji takwimu hufika mwaloni, humuuliza mvuvi amevua nini, kwa chombo gani na kwa muda gani, kisha huandika jibu katika fomu. Jibu hutolewa kwa Kiswahili au kwa mojawapo ya lugha za mwambao: Kisukuma, Kikerewe, Kijita, Kizinza, Kihaya, Kiluo. Ripoti inayotokana nalo husomwa kwa Kiingereza huko Jinja au Arusha. Kati ya jibu na ripoti kuna hatua kadhaa za tafsiri ambazo hazionekani katika jedwali la mwisho.

Makala hii inaziangalia hatua hizo. Sehemu ya pili inaeleza historia ya ushirikiano kwa muhtasari. Sehemu ya tatu na ya nne zinachambua majina ya samaki. Sehemu ya tano inaangalia maneno yaliyoingia katika Kilatini cha kisayansi, na ya sita istilahi za sayansi ya uvuvi. Sehemu ya saba inajadili wajibu wa taasisi.

2.0 Historia ya ushirikiano kwa muhtasari

Uchunguzi wa kwanza wa kisayansi uliolihusisha ziwa zima kama mazingira ya uvuvi ulifanywa na Michael Graham mwaka 1927 na 1928, na ripoti yake ikachapishwa mwaka 1929. Nyavu za kutega zilizotengenezwa kwa kitani zilikuwa zimeingia ziwani tangu mwaka 1905 kupitia Kisumu, na mavuno ya ngege yalikuwa yameanza kupungua. Graham alipendekeza kwamba macho ya nyavu yasiwe chini ya inchi 5. Alionya pia kuhusu hatari ya kuingiza ziwani samaki mkubwa mla samaki kutoka kwingineko. Onyo hilo halikuzingatiwa.

Mwaka 1947 shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki lilianzishwa Jinja. Baadaye lilijulikana kwa kifupi EAFFRO, likawa chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1967, na likafanya kazi pia Kisumu na Mwanza. Mwanza yenyewe ilikuwa makao ya taasisi nyingine ya pamoja, ile ya utafiti wa tiba ya Afrika Mashariki, ambayo ilishughulikia magonjwa kama kichocho na matende. Ramani ya utafiti wa enzi hiyo ilikuwa ya kikanda kwelikweli: virusi vilichunguzwa Entebbe, malale Tororo, kilimo na misitu Muguga, samaki Jinja.

Ni vyema kukumbuka kwamba Kiswahili kilikuwa na mpango wa aina hiyo hata kabla ya samaki. Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 ilihusisha Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na kwa miaka kadhaa ya 1950 makao yake yalikuwa Makerere. Usanifishaji wa Kiswahili na upimaji wa ziwa vilikwenda sambamba kama kazi mbili za kitaalamu zilizovuka mipaka. Hata hivyo, hazikukutana. Kamati ya Lugha ilijishughulisha zaidi na tahajia, kamusi na vitabu vya shule. Watafiti wa samaki waliandika kwa Kiingereza na Kilatini.

Kazi kubwa zaidi ya EAFFRO ilikuwa uchunguzi wa samaki wa chini ya maji uliofanywa kwa meli ya Ibis kuanzia mwaka 1969 hadi 1971. Matokeo yaliyotolewa na Kudhongania na Cordone mwaka 1974 yalionyesha kwamba takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki hao walikuwa furu. Hiyo ndiyo picha kamili ya mwisho ya ziwa kabla ya mabadiliko makubwa.

Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika. Kila nchi ikaunda taasisi yake: Kenya ikaanzisha KMFRI mwaka 1979, Tanzania ikaanzisha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi (TAFIRI) mwaka 1980, na Uganda ikarithi kituo cha Jinja. Wakati huohuo sangara, aliyekuwa ameingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, alianza kuongezeka kwa kasi. Ongezeko hilo lilionekana kwanza upande wa Kenya, kisha Uganda, na kufikia Ghuba ya Mwanza katikati ya miaka ya 1980. Kwa maneno mengine, ziwa lilibadilika katika muongo uleule ambao jicho la pamoja lilikuwa limefumbwa. Kamati ndogo iliyokuwa chini ya FAO iliendelea kuwakutanisha wataalamu, lakini haikuwa na meli wala maabara yake.

Ushirikiano rasmi ulirejea kwa mkataba ulioanzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, uliotiwa saini Kisumu tarehe 30 Juni 1994, na makao ya shirika hilo yakawa Jinja. Tangu mwaka 2000 nchi tatu zimefanya sensa za pamoja za wavuvi, vyombo na zana kwa utaratibu uliooanishwa. Upimaji wa wingi wa samaki kwa mawimbi ya sauti nao hufanywa kwa ziwa zima.

3.0 Ziwa moja, majina mengi

Jedwali lifuatalo linaonyesha majina ya baadhi ya samaki katika pande tatu za ziwa. Majina ya Uganda yametolewa bila irabu tangulizi ya Kiganda.

Jedwali 1: Majina ya samaki wa Ziwa Victoria

| Jina la kisayansi | Mwanza | Kisumu | Jinja |
|---|---|---|---|
| Lates niloticus | sangara | mbuta | mputa |
| Rastrineobola argentea | dagaa | omena | mukene |
| Haplochromini (kundi) | furu | fulu | nkejje |
| Oreochromis niloticus | sato | ngege | ngege |
| Protopterus aethiopicus | kamongo | kamongo | mamba |
| Clarias gariepinus | kambare, mumi | mumi | male |
| Labeo victorianus | ningu | ningu | ningu |

Mpangilio huu unaonyesha mambo manne.

Kwanza, kuna majina yaliyovuka mipaka ya lugha na hata ya familia za lugha. Ningu ni jina moja pande zote tatu, kwa wasemaji wa lugha za Kibantu na kwa Waluo. Samaki huyu alikuwa maarufu kwa kupanda mito wakati wa mvua ili kuzaa, na ndiye aliyevuliwa kwa wingi kwenye midomo ya mito kabla ya nyavu za kisasa. Furu na fulu nayo yaelekea ni neno moja lililotofautiana kwa sauti moja. Maneno haya ni ushahidi wa mawasiliano ya wavuvi yaliyotangulia mashirika yote yaliyotajwa hapo juu.

Pili, samaki mgeni alikuja na majina mapya, na majina hayo yana dalili ya njia yalikopitia. Mbuta na mputa yanafanana mno kuwa sadfa. Kiluo hakina sauti changamano yenye nazali na kipasuo kisoghuna kama /mp/, ila kina /mb/. Kwa hiyo badiliko la mputa kuwa mbuta linaelezeka kifonolojia bila taabu. Sangara, kwa upande mwingine, linashabihiana na sangala, jina la samaki wa jenasi hiyohiyo ya Lates katika Ziwa Tanganyika, ambako ni wenyeji. Yaelekea basi kwamba upande wa kusini wa Ziwa Victoria ulichukua jina kutoka Tanganyika, ilhali upande wa kaskazini ulilipata kwa njia nyingine. Samaki mmoja, aliyeingia ziwa moja katika kipindi kimoja, amepata majina kutoka njia mbili.

Tatu, kuna maneno danganyifu. Mfano ulio wazi kuliko yote ni mamba. Kwa msemaji wa Kiswahili, mamba ni mnyama mtambaazi mwenye meno makali anayeogopwa na kila mtekaji maji. Kwa Muganda, mmamba ni kamongo, samaki mwenye mapafu ambaye pia ni mzio wa ukoo mmojawapo mkubwa wa Buganda. Jedwali la mavuno kutoka Jinja linaloorodhesha tani za mamba halizungumzii windo la watambaazi. Mtaalamu wa samaki hatapotea, kwa kuwa jina la Kilatini litamwongoza. Mwanafunzi, mwandishi wa habari au ofisa wa halmashauri anayesoma jedwali lililofupishwa, lisilo na Kilatini, hana ulinzi huo.

Nne, jina moja la Kiswahili linaweza kutaja viumbe tofauti katika maeneo tofauti ya nchi moja. Dagaa wa Mwanza ni jamaa wa kapu, samaki wa maji baridi wa kundi la Cyprinidae. Dagaa wa Kigoma ni Stolothrissa na Limnothrissa, ambao ni jamaa wa saradini. Dagaa wa Pwani huhusisha saradini na bumla wa baharini. Kwa mlaji hakuna tatizo: dagaa ni samaki mdogo anayeanikwa na kuuzwa kwa debe. Kwa takwimu za taifa, jumla ya dagaa isiyotaja maji yao ni jumla ya familia tatu za samaki ambao wanazaliana kwa kasi tofauti na wanahitaji kanuni tofauti.

Katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, tofauti hizi hutatuliwa kwa Kiswahili kila siku. Dagaa wanaouzwa hapo hununuliwa na wafanyabiashara kutoka nchi jirani, wakiwemo wale wa Kongo wanaokuja na Kiswahili chao. Jina la soko lenyewe ni somo la isimu: ni mwalo na kiambishi cha mahali -ni. Neno mwalo, ambalo Waganda hulitamka omwalo kwa maana ileile ya mahali vyombo vinapotia nanga, limepata nafasi katika maandishi rasmi ya uvuvi Tanzania. Hapa neno la mwambao limefaulu kuwa istilahi bila kamati yoyote kulibuni.

4.0 Majina yanayohama na majina yanayoficha

Jedwali 1 linatoa picha ya wakati mmoja. Tatizo zito zaidi hujitokeza majina yanapofuatiliwa katika wakati.

Ngege aliyechunguzwa na Graham alikuwa spishi asilia ya ziwa, ambayo Graham mwenyewe aliipa jina la kisayansi mwaka 1928; leo inaitwa Oreochromis esculentus. Katika miaka ya 1950 waliingizwa ziwani samaki wengine wa kundi hilo, akiwemo Oreochromis niloticus. Miongo iliyofuata spishi asilia ilitoweka karibu kabisa katika ziwa kuu, ikabaki katika maziwa madogo ya pembeni na mabwawa. Jina halikutoweka nayo. Lilihamia kwa mgeni, ambaye sasa ndiye ngege wa sokoni. Mtafiti anayeunganisha takwimu za ngege za miaka ya 1930 na za miaka ya 2000 katika mstari mmoja wa grafu atakuwa amechora historia ya neno, akidhani amechora historia ya samaki. Mstari huo utaonyesha mwendelezo mahali ambapo kwa kweli pana msiba.

Furu ni kisa cha namna nyingine. Jina hili halikuhama, limeficha. Wataalamu wanakadiria kwamba ziwa lilikuwa na spishi zipatazo 500 za kundi hili, nyingi kati yao hazipatikani mahali pengine duniani. Kila spishi ilikuwa na chakula chake: wapo waliokula konokono, waliokwangua mwani mawe, waliokula mayai ya wenzao, waliokula dagaa. Katika fomu ya mavuno wote waliandikwa kwa neno moja. Kwa mvuvi neno hilo lilitosha, kwa kuwa furu ni samaki mdogo mwenye miiba na bei yake ni moja. Kwa sera ya uvuvi nalo lilionekana kutosha, hata mpango wa kuwavua kwa wingi ili kutengeneza chakula cha mifugo ukaanzishwa Mwanza katika miaka ya 1970.

Kuanzia mwaka 1977, kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, wakishirikiana na wenzao wa Tanzania, walianza kuwachambua furu wa Ghuba ya Mwanza spishi kwa spishi. Walikuwa bado kazini pale sangara alipofurika. Baadaye Witte na wenzake (1992) walikadiria kwamba spishi zipatazo 200 zilikuwa zimetoweka au zimo hatarini kutoweka. Nyingi zilikuwa na majina ya muda tu ya watafiti, yaani zilipotea kabla ya kuelezwa rasmi. Lau takwimu zingebaki na neno furu pekee, kilichoonekana kingekuwa kupungua kwa tani za samaki wa bei ya chini. Kupotea kwa spishi 200 kusingekuwa na pa kuandikwa.

Hapa ndipo uzito wa suala la majina unapodhihirika. Kundi lisilo na majina ndani yake haliwezi kulindwa sehemu kwa sehemu. Inafaa kuongeza kwamba jina pana la Kiswahili halina maana kuwa wenyeji hawakuwa na maarifa finyu zaidi. Lugha za mwambao zilikuwa na majina ya baadhi ya furu kulingana na rangi, makazi au tabia, na mojawapo litajadiliwa katika sehemu inayofuata. Majina hayo hayakuwa na nafasi katika fomu. Wazee walioyajua wanapungua, na samaki waliotajwa nayo wengine hawapo tena; msamiati wa namna hiyo ukipotea, hauna kitu cha kuurejesha.

5.0 Kutoka mwaloni hadi Kilatini

Mwelekeo wa maneno haukuwa mmoja. Mwaka 1985 spishi ya furu kutoka eneo la Mwanza ilipewa jina nyererei kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Mwaka 1998 Seehausen na wenzake walieleza jenasi tatu mpya za furu wa kwenye miamba, mbili kati yake zikiwa na mizizi ya Afrika Mashariki: Pundamilia, kutokana na punda milia kwa ajili ya mistari iliyosimama ubavuni mwa samaki, na Mbipia, kutokana na mbipi, jina la kienyeji la furu wa miambani. Leo samaki mwenye jina la Mwalimu anaitwa Pundamilia nyererei.

Kisarufi, utohozi huu una mvuto wake. Katika Kiswahili punda milia ni nomino ambatani ya ngeli ya N-N, na upatanisho wake hufuata uhai: punda milia huyu, punda milia hawa. Ikiingia Kilatini, nomino hiyo huunganishwa kuwa neno moja, na irabu yake ya mwisho /a/ huifanya ihesabiwe kuwa ya jinsia ya kike. Ndiyo sababu spishi za jenasi hiyo hupewa vivumishi vya kike, kama Pundamilia azurea. Kadhalika Mbipia lutea. Neno limeacha ngeli yake likapewa jinsia, kitu ambacho Kiswahili hakina. Kwa muda mrefu mjadala wa istilahi umeuliza namna Kiswahili kinavyotohoa kutoka Kilatini na Kiingereza. Mifano hii inaonyesha kwamba mfumo wa majina wa sayansi nao unaweza kutohoa kutoka Kiswahili, na kwamba haukuathirika kwa kufanya hivyo.

Samaki hao wamekuwa maarufu pia kwa sababu ya kisayansi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 na Seehausen, van Alphen na Witte ulionyesha kwamba majike huchagua madume kwa rangi. Maji yanapochafuka na mwanga kupungua, rangi hazitambuliki vyema, na mipaka baina ya spishi huanza kufutika. Matokeo hayo, yaliyotokana na visiwa na miamba ya karibu na Mwanza, hufundishwa katika vyuo vingi duniani. Maandishi ya Kiswahili yanayoyaeleza kwa kina kwa msomaji wa Mwanza ni machache mno.

6.0 Istilahi za sayansi ya uvuvi

Tumbo-Masabo na Mwansoko (1992) waliweka bayana njia za kuunda istilahi za Kiswahili, zikiwemo unyambuaji, uambatanishaji, upanuzi wa maana na utohozi. Miaka miwili kabla, TUKI ilikuwa imechapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Msingi upo. Hata hivyo, istilahi ya biolojia ya darasani haitoshelezi mahitaji ya usimamizi wa uvuvi, ambamo neno lazima lieleweke na mtafiti, hakimu na mvuvi kwa pamoja. Mifano mitatu inatosha.

Mfano wa kwanza ni juhudi za uvuvi. Tafsiri hii hutumika kwa dhana ya jumla ya vyombo, zana na muda unaotumika kuvua. Katika Kiswahili, juhudi ni fadhila. Mtoto husifiwa kwa juhudi, na mkulima huhimizwa aongeze juhudi. Sera inaposema kwamba juhudi za uvuvi zipunguzwe, mvuvi husikia akihimizwa uvivu. Istilahi nguvu ya uvuvi haina mzigo huo wa sifa na inaruhusu kipimo: nguvu inaweza kuhesabiwa, kuongezwa na kupunguzwa bila lawama.

Mfano wa pili ni urutubishaji wa maji, yaani kuongezeka kwa nitrojeni na fosforasi kunakostawisha mwani na kuacha kina cha ziwa bila oksijeni. Neno rutuba kwa mkulima ni baraka. Kumwambia kwamba ziwa linakufa kwa rutuba ni kumpa fumbo. Istilahi yenye kubainisha ziada, kama vile urutubikaji wa kupita kiasi, ni ndefu, lakini inaonyesha madhara ndani ya umbo lake. Kwa kulinganisha, gugumaji, jina la mmea vamizi ulioenea ziwani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, limefaulu kwa sababu gugu lilikwisha kubeba maana ya mmea usiotakiwa. Ambatani hiyo ilieleza kiumbe na hukumu yake kwa neno moja.

Mfano wa tatu ni urefu wa samaki. Kanuni iliyooanishwa na nchi tatu ilizuia kuvua na kuchakata sangara wa chini ya sentimita 50 na wa zaidi ya sentimita 85, kwa nia ya kuwaacha wadogo wakue na wakubwa wazae. Wataalamu wanapima urefu kwa njia zaidi ya moja: toka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia, au hadi mahali mkia unapoanzia. Tofauti ni ya sentimita kadhaa, nayo inaweza kuwa tofauti ya samaki halali na samaki haramu. Neno urefu peke yake haliitaji tofauti hiyo. Istilahi mbili, kwa mfano urefu mzima na urefu bila mkia, zingeiondoa. Anayelipa gharama ya utata huu ni yule anayesimama mbele ya ofisa akiwa na shehena iliyopimwa kwa namna asiyoijua.

Mifano hii inaonyesha kwamba kufaa kwa istilahi hakupimwi kwa usahihi wa kisayansi pekee. Neno linaweza kulingana na dhana ya asili na bado likawasilisha kinyume chake kwa msikilizaji, kwa kuwa kila neno la Kiswahili linakuja na historia yake ya matumizi.

7.0 Wajibu wa taasisi

Ibara ya 137 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999 ilikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi na kuagiza Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano mapana. Ibara ya 103 ya mkataba huohuo inahusu ushirikiano katika sayansi na teknolojia. Kutokana na mkataba huo kumekuwepo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao yake Zanzibar na Kamisheni ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika Mashariki yenye makao yake Kigali. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iko Kisumu na Shirika la Uvuvi liko Jinja. Kila moja ina wataalamu na majukumu yake. Kazi ya istilahi za ziwa iko katikati ya zote nne, na kitu kilicho katikati ya wenye nyumba wanne ni rahisi kukosa mwenyewe.

Mambo matatu yanaweza kufanywa bila gharama kubwa. La kwanza ni orodha elekezi ya majina ya samaki, ambamo kila jina la Kiswahili na la kienyeji litawekwa pamoja na jina la kisayansi, mwalo au eneo lilipokusanywa na mwaka. Kipengele cha mwaka ni muhimu kwa sababu iliyoelezwa kuhusu ngege. La pili ni kuweka Kiswahili katika fomu na miongozo ya pamoja sambamba na Kiingereza, ili tafsiri ifanywe mara moja na wataalamu badala ya kufanywa upya na kila mkusanyaji kila asubuhi. La tatu ni kukusanya majina finyu ya furu kutoka kwa wavuvi wazee wa Ukerewe, Ukara, Kome na visiwa vingine, kazi inayofaa kwa tasnifu za uzamili na inayohitaji mwanaisimu na mwanabiolojia katika mtumbwi mmoja.

Pingamizi linaweza kutolewa kwamba Kiswahili hakizungumzwi kwa kiwango kimoja pande zote. Ni kweli kwamba Uganda ina historia tofauti na lugha hii, na kwamba katika mialo mingi ya huko Kiganda au Kisoga ndicho kinachotawala. Pingamizi hilo linaihusu fomu, haliihusu orodha. Orodha yenye majina ya lugha zote haimlazimishi mvuvi wa Jinja kusema Kiswahili. Inampa mtafiti wa Mwanza uhakika wa kile mvuvi huyo alichosema.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba majina ya samaki wa Ziwa Victoria hubeba habari ambayo takwimu haiwezi kuipuuza. Ningu limeunganisha pande tatu, mamba limezitenganisha, ngege limehama kutoka samaki aliyekufa kwenda kwa aliye hai, furu limefunika mamia ya spishi hadi nyingi zikapotea ndani yake. Istilahi za usimamizi, kama juhudi, rutuba na urefu, nazo zimeonyesha kwamba tafsiri isiyozingatia matumizi ya kila siku huweza kupotosha ujumbe wa kisayansi hata pale kila neno linapokuwa sahihi.

Kuvunjika kwa ushirikiano mwaka 1977 kuliacha pengo katika kumbukumbu za ziwa katika miaka ambayo kumbukumbu hizo zilihitajika kuliko wakati wowote. Pengo la istilahi halina tarehe na halikutangazwa, kwa hiyo halijapata kuzibwa kwa mkataba. Kulijaza ni kazi ya wanaisimu kama ilivyo ya wanabiolojia, na mahali pa kuanzia ni mwaloni, ambapo samaki hutajwa kwa jina kabla hajapimwa.